Gofu, Ganjo au Mahame? Msamiati na Historia ya Mgodi wa Rosterman

Utangulizi

Kambi ya wachimba dhahabu ifungwapo, neno lipi huifaa? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuutazama mgodi wa Rosterman, Kakamega, uliofungwa mwaka 1952.

Maana za maneno

Gofu ni mabaki ya jengo lililobomoka. Ndiposa husemwa magofu ya Gedi. Ganjo ni mahali palipokuwa na mji zamani. Mahame, neno litokanalo na kitenzi hama, huwaelekea watu: walikuwapo, wakaondoka. Basi anayelitumia neno hili sharti aulizwe: ni nani aliyehama?

Historia

Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi duniani. Walowezi wengi waliolemewa na hasara mashambani waliikimbilia. Hata hivyo, ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji, na sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba sehemu yoyote itakayotwaliwa katika maeneo yao itafidiwa kwa ardhi nyingine. Mnamo Desemba 1932, serikali ya kikoloni iliirekebisha sheria hiyo ili fidia iweze kulipwa kwa fedha. Ahadi ya miaka miwili tu ikawa imevunjwa.

Uchanganuzi

Kampuni ilipoondoka, ilihama kweli. Kwa upande wake, Rosterman ni mahame. Wenyeji, kinyume chake, hawakuhama. Walibaki na mashimo, na baadhi yao waliendelea kuchimba kwa sururu na karai. Wanawake wengi huponda mawe, kisha dhahabu hunaswa kwa zebaki, sumu inayodhuru neva na kuchafua mito. Mashimo nayo huporomoka na kuwafukia watu. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo, lakini kutambuliwa katika maandishi hakuzuii ukuta wa shimo kuanguka.

Kwa hivyo, mwandishi akiandika kwamba Rosterman ni mahame bila kufafanua, atakuwa ameisimulia historia kwa jicho la aliyeondoka. Gofu linaweza kuyafaa mabaki ya majengo. Ganjo halifai, kwa kuwa watu wangali wanaishi hapo. Pengine neno sahihi zaidi ni lile la kawaida: machimbo, maadamu kazi ya kuchimba haijakoma.

Hitimisho

Imebainika kwamba kuteua msamiati si suala la ufasaha pekee, bali pia ni suala la haki. Mwanafunzi wa Kiswahili azurupo mahali palipoachwa, asikimbilie kamusi kabla ya kuwauliza waliobaki. Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa.

Maswali ya mjadala

1. Tofautisha gofu, ganjo na mahame kwa kutumia mifano ya mahali unapopajua.
2. "Msamiati hubeba mtazamo wa msemaji." Jadili.