Somo kwa Vikundi: Shauri la Soko Hukatwa Lini?



Mara nyingi tukitembelea vikundi tunasikia malalamiko yale yale. "Taka za soko hazizolewi." "Choo kimefungwa." "Ada ya gunia imepanda na hatukuambiwa." Nasi tukiuliza, "Mlimwambia nani, na mlimwambia lini?" watu hutazamana. Mmoja husema alimtajia MCA walipokutana matangani. Mwingine husema alimwambia askari wa kanjo, wakagombana. Somo la leo ni juu ya hilo neno dogo: lini.

Pengine utasema, "Sisi ni watu wa kijijini, mambo ya mji yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Sukuma wiki, nyanya, mayai na kuku wetu huishia mjini. Gari linaegeshwa kituo cha mjini, gunia linalipiwa ada sokoni, na mama mjamzito anapozidiwa anapelekwa hospitali ya mjini. Hatulali huko, lakini pesa zetu hupita huko. Kwa hiyo maamuzi ya kawaida ya serikali ya mji, yale yasiyotangazwa kwa vifijo, ndiyo yanayoingia mfukoni mwetu.

KIKUNDI KIMOJA TUNACHOKIJUA

Kuna kikundi cha akina mama wanaouza nyanya katika soko moja la mjini. Mtaro wa soko hilo ulikuwa umeziba. Mvua ikinyesha, maji machafu yalipita katikati ya mafungu ya nyanya. Mwaka mmoja, mvua za masika ziliwaharibia mzigo mara tatu. Mama mmoja alishindwa kulipa mkopo wa kikundi kwa sababu hiyo, na kikundi karibu kivunjike.

Basi mwezi wa Mei wakachanga nauli, wakatuma watu watano mpaka ofisi ya kaunti. Walipokelewa vizuri, wakapewa viti. Afisa akawasikiliza, kisha akasema: "Mama zangu, mnasema kweli. Lakini mtaro huo haumo katika mpango. Mpango wa mwaka unaoanza Julai ulipelekwa bungeni tangu Septemba iliyopita." Wakarudi kimya. Njiani mmoja wao akasema, "Tumefika harusini vyombo vikioshwa."

Afisa yule hakuwafukuza, na wala hakuwadanganya. Shauri lilikuwa limeshakatwa miezi minane kabla yao, siku ya kawaida, katika karatasi ambayo hawakujua kwamba ipo. Tutarudi kwao baadaye. Kwanza tujifunze shauri hukatwa na nani, na lini.

NANI HUKATA SHAURI?

Wazee wanakumbuka siku za kaunso, meya na madiwani. Mabaraza hayo yalikoma mwaka 2013, serikali 47 za kaunti zilipoanza kazi chini ya Katiba ya 2010. Siku hizi kuna pande mbili. Upande wa kwanza ni gavana na mawaziri wake wa kaunti: hao hupanga kazi na kutumia pesa. Upande wa pili ni bunge la kaunti, lenye wajumbe wa wadi, yaani MCA: hao hupitisha mipango, bajeti na sheria, na kukagua kazi ya upande wa kwanza.

Nairobi na Mombasa, jiji na kaunti ni kitu kimoja. Kisumu, Nakuru na Eldoret ni majiji yaliyo ndani ya kaunti. Jiji la namna hiyo lina bodi yake na meneja wake wa kusimamia huduma, lakini pesa zake bado hupitia bunge la kaunti. Kwa hiyo ukiwa na neno juu ya soko la jiji, lipeleke kwa meneja na pia bungeni.

Tena tujue mipaka. Masoko, leseni za biashara, kuzoa taka, maji, zahanati, taa za barabarani, maegesho, vichinjio na shule za chekechea ni kazi ya kaunti. Polisi, shule za msingi na barabara kuu za taifa ni kazi ya serikali ya kitaifa. Ukimpelekea MCA shida ya walimu wa shule ya msingi, umebisha mlango usio wake.

KALENDA YA PESA

Mwaka wa pesa wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Sheria ya mwaka 2012 ya usimamizi wa fedha za umma imeweka siku za mwisho ambazo kila kaunti inatakiwa kuzifuata. Tunawaomba makatibu waziandike tarehe hizi kwenye jalada la daftari la kikundi.

1 Septemba. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni. Huu ni wa mwaka utakaoanza Julai inayofuata. Hapa ndipo mtaro, choo au bomba huandikwa au kuachwa.

28 Februari. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hufikishwa bungeni. Hii hugawa mafungu: afya wapate kiasi gani, maji kiasi gani, biashara na masoko kiasi gani.

30 Aprili. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni. Kamati ya bajeti hukaa na kusikiliza maoni ya wananchi.

30 Juni. Bajeti iwe imepita.

Sasa fikiri. Kikundi kinachoamka Julai, baada ya kusikia bajeti redioni, kimechelewa. Kikundi kinachotaka kitu kiandikwe katika mpango kikae na kuandika ombi lake mwezi wa Julai na Agosti, ili liwe ofisini kabla ya Septemba. Na si kuandikwa tu. Jambo laweza kuwamo katika mpango wa Septemba, lisionekane katika makadirio ya Aprili. Laweza pia kuwamo katika bajeti, likaondolewa baadaye katika bajeti ya nyongeza. Kwa hiyo anayepanda mbegu Septemba arudi kupalilia Februari na Aprili.

HABARI YA ADA

Ada za soko, maegesho na leseni zina njia yake. Kila mwaka kaunti hupeleka bungeni mswada wa fedha, na humo ndimo viwango vipya vinapoandikwa. Hapo ndipo pa kusema, "Ada hii ya gunia itatuua." Ukingoja mpaka mtoza ada asimame mbele ya gunia lako, unagombana na mtu aliyetumwa tu.

Lakini jambo moja mlishike. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Kwa hiyo mna haki ya kuuliza kwa upole, "Kiwango hiki kimeandikwa wapi?" na mna haki ya kupewa risiti. Lipeni kilicho halali, dai risiti, tena itunzeni. Kikundi chenye risiti za mwaka mzima kinaweza kusema, "Tumelipa kiasi hiki, na bado choo kimefungwa." Neno hilo lina uzito kuliko makelele.

HAKI TATU ZA KUKUMBUKA

Ya kwanza: kuingia. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi, vikao vyake na vya kamati zake viwe mbele ya watu, na wananchi washirikishwe. Huhitaji kumjua mtu ili uketi kwenye viti vya wageni.

Ya pili: kujua. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inamruhusu raia kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuomba hakulipiwi, ingawa mnaweza kutozwa gharama ya nakala. Ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21. Wakikaa kimya, mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Ya tatu: kuomba. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake.

BARUA IWEJE?

Barua isizidi ukurasa mmoja. Ibebe jambo moja tu. Mkiandika mtaro, choo, taa, barabara na mikopo ya vijana pamoja, msomaji atachukua lililo jepesi kwake au asichukue lolote. Tazameni mfano huu:

"Kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Nakala: MCA wa wadi yetu, msimamizi wa wadi, idara ya biashara na masoko.

Sisi ni kikundi cha wauzaji wa mboga katika soko la (jina). Tuko watu (idadi), na cheti chetu cha usajili ni nambari (nambari). Mtaro wa upande wa lango la chini umeziba. Mvua ikinyesha maji hupita penye vyakula. Tunaomba ujenzi wa mtaro huo uingizwe katika mpango wa maendeleo wa mwaka unaoanza Julai (mwaka). Tuko tayari kuonyesha mahali penyewe kwa mhandisi, na kuusafisha mtaro kila Jumamosi ukishajengwa. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Chukueni nakala mbili. Moja iacheni ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, kisha irudi kwenye faili ya kikundi. Barua isiyo na muhuri ni sawa na salamu za njiani.

Kumbukeni pia kwamba si kila shida ni ya bajeti. Taka zikikaa wiki moja, huenda lori limeharibika. Hilo lianzeni kwa msimamizi wa soko, mkiandika siku na saa mlizomweleza. Likirudi mara tatu, hapo lina sura ya kupelekwa juu.

Na mkienda kwenye kikao cha kutoa maoni, msiridhike na soda na nauli. Mnapotia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, hakikisheni maoni yenu nayo yameandikwa na kukabidhiwa. Orodha itaonyesha kwamba mlikuwepo; haitaonyesha mlisema nini.

WALE AKINA MAMA WALIFANYAJE?

Agosti ya mwaka ule ule waliandika barua yao. Septemba mtaro ukaonekana katika mpango, wakashangilia. Lakini katibu wao, ambaye hakumaliza hata darasa la nane, alikuwa ameandika tarehe zote. Mwezi wa Mei uliofuata alienda kusoma makadirio. Mtaro haukuwamo. Wangekaa nyumbani wakishangilia, habari ingeishia hapo.

Wakarudi wale watano, safari hii mbele ya kamati ya bajeti, wakiwa na barua yenye muhuri, ukurasa wa mpango na risiti za ada za mwaka mzima. Waliongea dakika tano. Mtaro ukarudishwa. Ulichimbwa kabla ya masika ya mwaka wa tatu, na siku ya kuchimba walikuwa wakipima kina kwa kamba waliyofunga mafundo.

Paa la soko walilolitaka hawajalipata, na ada haikushuka. Hatuwezi kuwadanganya kwamba ukiandika barua utapata kila kitu. Lakini nyanya siku hizi hazielei majini, na yule mama alimaliza mkopo wake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja huduma tatu za mji ambazo kikundi chetu hutumia kila wiki. Ipi ni ya kaunti, ipi ni ya serikali ya kitaifa?

2. Tukiruhusiwa kuomba jambo moja tu mwaka huu, litakuwa lipi? Kwa nini hilo na si lingine?

3. Leo ni mwezi gani? Katika kalenda ya pesa, ni karatasi gani iko mezani sasa?

4. Nani atatunza faili ya barua na risiti? Nauli ya kufuatilia itatoka wapi?

5. Kuna jambo tuliloahidiwa zamani? Nani ataenda kuangalia kama bado limeandikwa?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Mtumeni mtu mmoja kwa msimamizi wa wadi aulize mpango wa maendeleo wa mwaka huu, na asome sehemu ya wadi yenu. Akiambiwa haupo, aandike ombi la habari, aligongeshe muhuri, na ahesabu siku 21.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Sisi tunaongeza hili dogo: ufa wa soko huzibwa Agosti, jua likiwaka, kabla mtu yeyote hajaikumbuka mvua.