ULAFI SI WINGI WA CHAKULA TU



Kijana mwenzangu, tukisikia neno "ulafi" tunamfikiria mtu mwenye sahani kubwa. Mtakatifu Thomas wa Akwino, akifuata mafundisho ya Papa Gregori Mkuu, alionyesha njia tano za kuangukia humo: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kuchaguachagua mno, kula kupita kiasi na kula kwa pupa. Kwa hiyo hata mwembamba anaweza kuwa mlafi. Usimhukumu mtu kwa mwili wake.

Tuje huku kwetu Mara. Ugali wa muhogo na mtama ulimtosha babu aliyeshika jembe kutwa nzima kule Tarime. Mjukuu anakula bonge lile lile, lakini siku nzima kakaa juu ya bodaboda pale Mugumu. Ongeza na soda: chupa ya mililita 350 huwa na sukari kama vijiko 9 vya chai. Nguvu isiyotumika mwili unaigeuza mafuta, na uzito ukizidi unakaribisha kisukari na presha. Kitambi siyo cheti cha mafanikio! Mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.70, uzito wa afya kwake ni kama kilo 54 hadi 72.

Sasa tufanyeje?

1. Sala kabla ya kula isiwe ya mbio. Fanya ishara ya msalaba, tulia, jiulize: nina njaa kweli, au nina mawazo tu?

2. Kula taratibu. Taarifa ya kushiba huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Kwenye sinia moja huwa tunashindana tonge. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho wangojeane (1Kor 11:33).

3. Ongeza mboga, maharage na dagaa, punguza bonge la ugali. Kiu ikatwe kwa maji.

4. Funga kwa nia njema. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wenye miaka 18 hadi 59 hula mlo kamili mmoja tu. Lengo siyo kupunguza kilo. Ulichojinyima kimfikie jirani mwenye njaa.

5. Usisahau sala baada ya kula. Ukishamshukuru Mungu, umemaliza. Usirudi tena kwenye sufuria.

Lakini usijitese kwa njaa ili upendeze kwenye picha. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu halibomolewi. Uzito ukibadilika ghafla bila sababu, nenda zahanati.

Wiki hii anza na jambo moja tu kati ya haya matano. Wewe unaanza na lipi?

Mungu akubariki.