Uliulizwa mshahara, ukataja salio

*Shangazi, nilifanya kazi miaka mitatu na shirika moja katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, Kibondo. Mradi ulipoisha nikarudi nyumbani Kasulu. Wiki iliyopita nilifanya usaili kwa shirika jingine linalohudumia kambi ya Nyarugusu. Mambo yalikwenda vizuri hadi dada mmoja aliponiuliza, "Kule ulikuwa unalipwa ngapi?" Nikasema laki nne na ishirini na sita elfu, maana ndizo zilizokuwa zinaingia benki, bado nalipa mkopo wa chuo. Akaandika, akamtazama mwenzake. Nimeitwa tena Jumanne, niende na hati za mshahara za miezi mitatu na taarifa ya benki. Rafiki yangu ananilaumu, anasema ningetaja laki nane. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Kasulu*

Mwanangu, hiyo 426,000 imenikosesha raha. Ni nani anayeandika mkataba wa laki nne na ishirini na sita elfu? Nikachukua kalamu. Tuseme mkataba wako ulikuwa wa laki sita. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 10, yaani 60,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 90,000. Kodi, baada ya kuondoa mchango wa NSSF, inafika 24,000. Kinachobaki ni 426,000, bila shilingi kuzidi wala kupungua.

Kwa hiyo hukusema uongo, ila ulijijeruhi kwa ukweli wako. Waajiri hupanga mshahara kabla ya makato. Yule dada ameandika 426,000 akidhani ndiyo ya kwenye mkataba, na wakikuongezea kidogo juu yake watajiona wakarimu, kumbe wamekushusha. Tena mwajiri wako wa zamani alikuwa anachangia NSSF asilimia 10 nyingine juu ya mshahara wako. Hiyo nayo hukuitaja, kwa sababu hujawahi kuishika mkononi.

Laki nane ya rafiki yako iache hukohuko kwake. Hati zako zitaanikwa mezani Jumanne, na watu wa mashirika ya Kibondo na Kasulu wanajuana. Leo wako Nduta, kesho Nyarugusu, keshokutwa wanakutana kwenye semina.

Halafu kuna jambo ambalo wasailiwa wengi hawalijui. Miradi ya kambini huendeshwa kwa fedha za wafadhili, na bajeti hupelekwa kwa mfadhili ikiwa na mstari wa kila nafasi na fungu lake. Kiti unachokigombea kilishawekewa bei kabla hujapiga pasi sketi ya usaili. Wakikuuliza ulikuwa unalipwa ngapi, wanatafuta pa kukuweka ndani ya fungu hilo. Una haki ya kuuliza pia, kwa adabu: "Samahani, nafasi hii imetengewa kiasi gani?" Najua tumelelewa kwamba mkubwa akiuliza unajibu tu, lakini usaili si barazani kwa babu.

Na kama unawaza kukataa kutaja mshahara wa zamani: sheria yetu ya ajira ya 2004 haimzuii mwajiri kuuliza. Wenzetu wa Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria mwaka 2016 inayokataza swali hilo kabla mtu hajapewa ofa. Waliona kwamba aliyeanza kwa kulipwa kidogo, na mara nyingi ni mwanamke, huburuta udogo huo kila aendako. Hapa kwetu ukikataa kabisa watakupita tu wamchukue mwingine, na una watoto wa kulisha.

Taarifa ya benki ndiyo ninayoipinga. Humo mna karo, mchezo wa kikoba, na labda elfu ishirini uliyomtumia kaka yako siku ambazo wewe na mumeo hamsemeshani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze ni za kazi gani. Waulize. Kama shida yao ni kuthibitisha mshahara, hati tatu zinatosha, na nakala ya mkataba wako wa Nduta iweke juu yake.

Jumanne usingoje waulize. Ukishakaa tu, waambie: "Wiki iliyopita nilitaja kinachobaki baada ya makato. Mshahara wangu ulikuwa laki sita." Kisha uwape mkataba.