Mtoto Niliyemficha na Viza ya Kwenda kwa Mume Wangu

Mama mmoja ametuandikia barua ambayo wengi wangeweza kuiandika. Alifunga ndoa kanisani mwaka jana. Mume wake ni Mkenya aliyepata uraia wa Marekani, naye amekwisha rudi kazini huko. Sasa anataka kumwombea mkewe viza ya kuhamia. "Lakini," anaandika mama huyo, "nina msichana wa miaka 9 niliyemzaa kabla ya ndoa. Analelewa na nyanya yake, na mume wangu anamjua kama mdogo wangu. Je, nimwandike katika fomu, au ninyamaze mpaka nifike?"

Jibu letu ni fupi: usinyamaze. Ili uelewe kwa nini, yafaa uijue njia yenyewe, maana wengi huianza bila kujua inakopita.

Njia ina hatua nne

Kwanza, mume ndiye anayeomba, si mke. Hujaza fomu I-130 na kuipeleka kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, iitwayo USCIS, pamoja na cheti cha ndoa na ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Mke wa raia hana foleni ya idadi ya viza kila mwaka. Mke wa mtu mwenye kadi ya kijani tu huwekwa katika foleni hiyo, na anaweza kungoja zaidi.

Pili, ombi likikubaliwa, faili huenda kwa Kituo cha Taifa cha Viza. Hapo hulipwa dola 325 za ombi la viza na dola 120 za kukagua hati za kumtegemeza mhamiaji. Mke hujaza fomu DS-260. Mume hutia sahihi fomu I-864, akiahidi kwamba mkewe hatakuwa mzigo kwa serikali. Mapato yake kwa kawaida yasipungue asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali ya huko. Yakipungua, mtu mwingine anayeishi Marekani kihalali kwa kudumu anaweza kumdhamini pamoja naye. Ahadi hii si ya mchezo: hata talaka haiifuti.

Tatu, kusanya vyeti. Utahitaji pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Kama uliwahi kuishi nchi nyingine kwa miezi 12 au zaidi tangu utimize miaka 16, tuseme ulifanya kazi Uarabuni, huenda ukatakiwa cheti cha polisi wa huko pia. Cheti cha ndoa kiwe kile kinachotambuliwa na serikali, si kumbukumbu ya daftari la parokia peke yake. Waliooana kimila wakumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa zote ziandikishwe. Picha za siku ya mahari ni ushahidi mzuri, lakini si cheti.

Nne, utapimwa na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, kisha utaitwa kwa mahojiano katika Ubalozi wa Marekani, Nairobi. Hapo utaapa kusema kweli. Ofisa anaweza kukuuliza mlivyokutana, nani alihudhuria harusi, mume anafanya kazi gani, na kama una watoto.

Tangu ombi la kwanza hadi mahojiano, mara nyingi hupita zaidi ya mwaka mmoja. Basi usiache kazi, usiuze ng'ombe wala kununua tiketi kabla viza haijatiwa katika pasipoti. Na mtu akikuambia kwamba anajuana na wakubwa wa ubalozi, funga mkoba wako.

Sasa turudi kwa yule msichana

Fomu huuliza watoto wako wote, wanaokwenda na wasiokwenda. Ukimwacha mmoja kwa makusudi, umeidanganya serikali kwa maandishi, na mbele ya ofisa utarudia uongo huo baada ya kula kiapo. Uongo wa makusudi katika jambo zito unaweza kumfungia mtu mlango wa Marekani maisha yake yote.

Tena, mama, ukinyamaza utampotezea mtoto nafasi yake. Sheria ya Marekani humhesabu kuwa mtoto wa kambo wa mume wako, maadamu mlioana kabla hajatimiza miaka 18. Mume anaweza kumwombea. Lakini tahadhari: mtoto haingii ndani ya ombi la mama yake pale mwombaji anapokuwa raia. Kila mtoto anahitaji fomu I-130 yake. Wengi hulijua hili wakiwa wamechelewa, mama ana viza mkononi na mtoto hana.

Kuna jambo zito kuliko fomu. Mume wako atazisoma karatasi hizo. Je, wataka alijue jambo hili kutoka kwa ofisa au kutoka kwako? Mwambie kabla hajatia sahihi. Usimwandikie ujumbe mfupi usiku wa manane. Chagua saa ambayo hayuko kazini, mpigie, umweleze bila kumtupia mtu mwingine lawama. Huenda akakasirika. Mpe siku za kulitafakari, na ikibidi mwombe padre aliyewafungisha ndoa au wasimamizi wenu wa arusi wazungumze naye. Mwambie msichana pia, kwa maneno ya umri wake, kwamba wewe ni mama yake. Dau la uongo halifiki bandarini, na hata likifika, abiria wake hawalali.

Mkifika

Kama siku ya kuingia Marekani ndoa yenu haijatimiza miaka 2, utapewa ukaaji wa masharti wa miaka 2. Katika siku 90 za mwisho kabla haujaisha, mtaomba pamoja masharti yaondolewe. Nawe mume, usiifanye kadi hiyo kuwa fimbo. Mke anayeteswa anaruhusiwa na sheria kuomba peke yake. Hana haja ya kuvumilia kipigo kwa sababu ya karatasi.

Wakati wa kungoja, tunzeni barua, picha, risiti za fedha mlizotumiana na tiketi za safari. Ofisa atazitaka. Lakini zaidi ya hayo, zungumzeni kila juma, hata kama hakuna habari mpya.

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili

1. Je, kuna mtoto, deni au ndoa ya zamani ambayo mwenzangu haijui?
2. Tumekubaliana nani atawatunza wazazi wetu tukiondoka?
3. Viza ikichelewa au ikikataliwa, tutaishi wapi pamoja?

Swali la tatu msiliruke. Mlioana ili muishi pamoja, na Marekani ni mahali pamoja tu pa kuishi.