KIKOHOZI KISICHOKOMA: MAMBO YA KUJUA JUU YA SARATANI YA MAPAFU

Kukohoa ni jambo la kawaida, na mara nyingi halimletei mtu madhara makubwa. Baridi, vumbi la barabarani au moshi wa jikoni huweza kumkohoza mtu kwa siku chache, kisha akapona. Lakini kiko kikohozi cha namna nyingine, kinachoanza polepole na kukataa kuondoka. Yafaa kila mtu mzima akijue, maana huenda kikawa ni ishara ya saratani ya mapafu, ugonjwa unaoua watu wapatao milioni 1.8 duniani kila mwaka.

SARATANI NI NINI?

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huzaliwa, hufanya kazi yake na hufa kwa utaratibu. Saratani huanza chembe inapoharibika na kuuacha utaratibu huo, ikazaana bila kikomo, kama vile magugu yanavyosonga mahindi katika shamba lisilopaliliwa. Mwishowe hufanyika uvimbe ndani ya pafu. Tena chembe zake huweza kuchukuliwa na damu mpaka kwenye mifupa, ini au ubongo, zikaota huko.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hakuna haja ya kumtengea mgonjwa kikombe chake wala kuogopa kuketi naye. Wala hautokani na laana au uchawi. Chanzo chake kikubwa ni moshi wa tumbaku. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza matokeo ya kuwahoji wagonjwa katika hospitali za London, wakaonyesha kwamba kadiri mtu avutavyo sigara nyingi, ndivyo hatari yake inavyozidi. Moshi wa sigara ya mwingine, vumbi la asbesto na moshi wa dizeli pia huweza kuleta saratani hii. Kwa hiyo hata asiyevuta hapaswi kuzidharau dalili.

DALILI ZAKE

Dalili zinazoonekana mara nyingi ni hizi: kikohozi kinachozidi wiki tatu, au kikohozi cha zamani kilichobadilika, kutema makohozi yenye damu, maumivu ya kifua au bega, kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, sauti kukauka, kukonda bila sababu, kukosa hamu ya chakula, na homa ya mapafu inayorudi mara kwa mara. Tatizo ni kwamba uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingi hauumi. Ndiyo maana wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea.

Liko kosa moja ambalo limewaponza watu wengi. Dalili hizi zafanana sana na zile za kifua kikuu, ugonjwa ulio mwingi katika nchi yetu. Chukua mfano wa mtu wa miaka 55, aliyevuta sigara tangu ujana wake. Anakohoa damu na kukonda. Picha ya kifua inaonyesha doa, naye anapewa dawa za kifua kikuu za miezi sita, ingawa vidudu vya ugonjwa huo havikuonekana katika makohozi yake. Miezi inapita, hapati nafuu, lakini anaendelea kungoja dawa ziishe. Wakati huo wote uvimbe unakua. Mgonjwa wa namna hiyo asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, bali arudi kwa daktari mapema, aseme wazi kwamba hapati nafuu, na aulize kama kuna ugonjwa mwingine.

UCHUNGUZI

Daktari huanza kwa kumsikiliza mgonjwa, kumpima, na kuagiza picha ya eksirei. Picha hiyo huonyesha kivuli, lakini haiwezi kusema kwa hakika ni kivuli cha nini. Hivyo mgonjwa hupelekwa kwenye mashine kubwa zaidi inayopiga picha za kifua tabaka kwa tabaka. Kisha hutolewa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, ama kwa sindano, ama kwa mpira mwembamba wenye taa unaopitishwa kooni. Kipande hicho hutazamwa kwa hadubini, nacho ndicho kinachothibitisha ugonjwa. Watu wengine husema kwamba saratani ikiguswa huenea, na kwa hofu hiyo hukataa kuchukuliwa kipande. Hofu hiyo huwagharimu wengi maisha yao, kwa maana bila kujua aina ya saratani na umbali iliofika, daktari hawezi kuchagua matibabu.

MATIBABU

Uvimbe ukiwa bado mdogo na haujaenea, mgonjwa huweza kupasuliwa na sehemu ya pafu kuondolewa. Uliokwisha kuenea hutibiwa kwa mionzi, kwa dawa kali za kuua chembe za saratani, au kwa dawa mpya zinazousaidia mwili kupigana wenyewe. Hata pale ambapo hakuna tumaini la kupona, liko tiba ya kupunguza maumivu na kurahisisha pumzi, na mgonjwa asinyimwe.

Mwaka 1933, huko St. Louis, Marekani, daktari Evarts Graham alimwondolea mgonjwa pafu zima lenye saratani. Mgonjwa huyo aliishi miaka mingi. Lakini Graham mwenyewe alikuwa mvutaji wa sigara. Aliacha baada ya kuuona ushahidi ambao yeye na mwenziwe Ernst Wynder waliutangaza mwaka 1950. Hata hivyo alikuwa amechelewa. Mwaka 1957 alikufa kwa ugonjwa ule ule aliowaokoa wengine, na yule mgonjwa wake akabaki hai.

Asiyevuta, basi, asianze. Anayevuta na aache leo, kwani baada ya miaka kumi hatari yake hupungua kufikia karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Na yeyote mwenye kikohozi kisichokoma asione haya kwenda hospitali. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.