SOMO LA WIKI: Slivu ya nusu bei si nusu ya gharama

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia bei ya pamba, ya mpunga na ya dhahabu. Wiki hii tunageukia mali ambayo wafanyabiashara wengi wa Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita wanaitegemea kila siku, lakini huikumbuka pale tu inapokataa kwenda. Mali hiyo ni injini ya gari. Mwenye Prado anayeikodisha kwa watafiti wa madini, mwenye Hilux anayepeleka chakula kwenye machimbo ya Nyarugusu na Rwamagasa, na mnunuzi wa dhahabu anayewahi soko la madini la Geita lililofunguliwa Machi 2019, wote wana mtaji uliofungwa ndani ya silinda nne au sita.

Injini yenye tabo inapoanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, fundi husema neno moja tu: slivu. Mwenye gari huenda dukani, akaonyeshwa masanduku matatu yenye bei tatu tofauti, na mara nyingi huondoka na lile la bei ya chini. Somo la leo linaeleza kwa nini uamuzi huo huweza kumla mtaji, na namna ya kuchagua kwa vipimo badala ya kuchagua kwa rangi ya sanduku.

SLIVU NA KAZI YA TABO

Slivu, ambayo wengine huiita laina, ni bomba la chuma ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa nyingi zaidi kuingia kwenye silinda. Katika kanda yetu chombo hiki si anasa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa kama asilimia 13 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupungukiwa pumzi. Yenye tabo hulipa pengo hilo.

Lakini hewa nyingi na mafuta mengi maana yake ni joto kubwa na msukumo mkubwa. Tuchukue injini ya Toyota 1KZ-TE ya lita 3, ambayo imo katika Prado na Hilux Surf nyingi. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 96. Mlipuko ukifikia bar 120, msukumo unaoshuka juu ya pistoni moja ni karibu tani 9. Sehemu ya msukumo huo huegemea ukuta wa slivu, mamia ya mara kila dakika. Slivu iliyotosha kwenye injini ya kawaida si lazima itoshe hapa.

KWANZA JUA INJINI YAKO

Kabla ya kuuliza bei, uliza gari lako liko katika kundi gani kati ya haya manne.

Kundi la kwanza ni injini ambazo silinda zake zimechongwa moja kwa moja ndani ya bloku la chuma. 1KZ-TE ni mojawapo. Hapa slivu ni matibabu ya pili. Matibabu ya kwanza ni kupanua silinda kidogo na kuweka pistoni kubwa zaidi. Slivu huja pale silinda ilipokwaruzika sana au ilipokwisha kupanuliwa hadi mwisho.

Kundi la pili ni injini zenye slivu kavu kutoka kiwandani, yaani slivu isiyoguswa na maji, inayobanwa na ukuta wa bloku. Isuzu 4JB1 ni mfano mzuri. Slivu zake za kiwandani ni nyembamba na zimepakwa kromu ndani. Slivu ya namna hiyo haipanuliwi. Ikichakaa hutolewa, ikawekwa mpya. Aidha, ringi zilizopakwa kromu hazifai kwenye slivu ya kromu, kwani vitu hivyo viwili hulana. Mwenye duka akikuuzia slivu bila kuuliza ringi zako ni za aina gani, muulize wewe.

Kundi la tatu ni injini zenye slivu ya maji, kama zilivyo Scania na mashine nyingi za migodini. Hapa maji ya kupozea hugusa mgongo wa slivu, na mipira ndiyo inayozuia maji yasishuke kwenye oili. Adui wake mkubwa ni maji mabaya. Maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba yanayozuia joto kutoka, nayo kutu hutoboa mgongo wa slivu taratibu. Kununua slivu nzuri na kuipoza kwa maji ya kisima ni sawa na kumwaga fedha.

Kundi la nne ni magari ya petroli yenye bloku la alumini, kama Subaru yenye tabo. Slivu zake za chuma zimesubiwa pamoja na alumini na hazichomoki. Kuzibadili huhitaji kuchonga bloku kwa mashine za usahihi mkubwa, kazi ambayo si kila karakana ya kukereza inaiweza. Kwa gari la biashara, mara nyingi hesabu hukubali zaidi kutafuta bloku jingine.

CHUMA GANI?

Slivu nyingi madukani ni za chuma cha kusubu cha kijivu. Usikidharau. Kina grafiti ndani yake inayosaidia kushika oili, kinapitisha joto vizuri, na kinavumilia msuguano. Kwa gari ambalo tabo yake iko kama ilivyotoka kiwandani, slivu ya kijivu iliyosubiwa kwa kuzungushwa, ili chuma kishikane bila matundu, inatosha kabisa.

Ipo pia slivu ya chuma cha kusubu chenye magnesiamu. Chuma hiki kilitangazwa hadharani mwaka 1948, na tofauti yake ni kwamba grafiti yake imejikunja kama vitufe badala ya kukaa kama vipande vyembamba. Kwa sababu hiyo hakipasuki kirahisi, na nguvu yake ya kuhimili mvuto huweza kuwa mara mbili ya kile cha kijivu au zaidi. Bei yake iko juu. Kinastahili pale ukuta wa slivu unapokuwa mwembamba sana, au pale mwenye gari alipoongeza nguvu ya tabo kuliko ya kiwandani. Kwa mwenye Prado ya kukodisha, ushauri wetu ni kuiacha nguvu ya tabo kama ilivyo na kubakiza fedha hizo mfukoni.

VIPIMO NDIVYO VINAVYOSEMA UKWELI

Nenda dukani na fundi mwenye maikromita. Mwambie apime slivu zote za seti, si moja tu. Apime unene wa ukuta sehemu nne za mduara, juu na chini. Ukuta ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, slivu haitapanuka sawasawa ikipata joto, nayo silinda itakuwa yai badala ya duara.

Jambo la pili ni mkazo. Slivu kavu lazima iwe kubwa kidogo kuliko tundu lake, kwa sehemu za mia za milimita zilizoandikwa katika kitabu cha injini hiyo. Ikilegea, hubaki hewa kati yake na bloku, na hewa haipitishi joto vizuri. Pistoni huvimba, hukwaruza, hunata. Ikikaza kupita kiasi, slivu hujikunja au bloku hupasuka. Fundi anayeweka slivu kwa nyundo na kukadiria kwa macho anacheza kamari kwa fedha yako.

La tatu ni pistoni. Pistoni za injini yenye tabo kwa kawaida hutengenezwa tofauti na za injini isiyo na tabo ya ukoo huohuo, hata kama kipenyo ni kilekile. Seti ya bei ya chini inaweza kuwa imechanganya. Linganisha pistoni mpya na ya zamani kichwani, chini yake, na kwenye mifereji ya ringi kabla ya kulipa.

La nne ni usuguaji wa mwisho. Ndani ya slivu ya kusubu kunatakiwa kuonekana mistari myembamba inayokatana, ambayo ndiyo inayoshika oili. Slivu inayong'aa kama kioo bila mistari yoyote itakula oili tangu siku ya kwanza.

HESABU YA MWENYE MALI

Sasa tuje kwenye fedha. Namba zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke zake. Tuseme seti ya bei ya chini ni shilingi 600,000 na seti bora ni shilingi 1,100,000. Kwa macho, ya kwanza ni karibu nusu ya bei. Lakini zote mbili zinahitaji fundi na mkerezaji, tuseme shilingi 500,000. Zote mbili zinasimamisha gari, tuseme siku 6, na gari hilo huingiza shilingi 120,000 kwa siku baada ya gharama za mafuta na dereva. Hapo umepoteza shilingi 720,000 nyingine.

Jumla ya kazi ya bei ya chini ni shilingi 1,820,000. Jumla ya kazi bora ni shilingi 2,320,000. Ile tofauti iliyoonekana kuwa nusu sasa imekuwa kama asilimia 22 tu. Seti bora ikidumu miezi 24, gharama yake ni kama shilingi 96,700 kwa mwezi. Ya bei ya chini ikidumu miezi 6, gharama yake ni kama shilingi 303,300 kwa mwezi. Ili ilingane na ile bora, lazima idumu karibu miezi 19. Swali la kumuuliza muuzaji, basi, ni hili: bwana, hii itanifikisha miezi 19? Ukiona anaangalia pembeni, umepata jibu.

Hesabu hiyohiyo hutufundisha kwamba si kila bei kubwa ni bora. Seti ghali iliyofungwa bila kupimwa inaweza kufa mapema kama ile ya bei ya chini, nawe utakuwa umepoteza zaidi.

TIBU CHANZO

Kabla ya kufungua injini, hakikisha ugonjwa ni slivu. Tabo iliyochakaa nayo hupitisha oili na kutoa moshi wa bluu. Pima kompresheni ya kila silinda, kisha fungua bomba linalotoka kwenye tabo uone kama limejaa oili. Vipimo hivi huchukua muda mfupi, na vinaweza kukuepusha na gharama yote tuliyoipiga hapo juu.

Na kama slivu zimekwisha kweli, uliza nani aliyezimaliza. Kwenye barabara za machimbo jibu mara nyingi ni vumbi. Vumbi la mawe yaliyosagwa lina chembe ngumu kuliko chuma cha slivu. Hozi iliyopasuka kati ya eya klina na tabo, au klempu iliyolegea, huingiza vumbi hilo moja kwa moja. Tazama mapezi ya tabo upande wa kuingizia hewa. Yakiwa yameliwa kingo, vumbi limepita. Kubadili slivu bila kuziba tundu hilo ni kumwaga maji kwenye pakacha.

RISITI NA SANDUKU

Mwisho, dai risiti ya EFD yenye jina la kipuri, na weka sanduku pamoja na slivu za zamani hadi injini imalize safari za majaribio. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Masuala ya ubora ni ya Shirika la Viwango, TBS. Asiye na risiti hana cha kuonyesha. Vilevile, andikiana na fundi kabla ya kazi kuanza: vipimo vya kila silinda kabla na baada, na nani atalipa ikiwa injini itarudi karakana ndani ya miezi mitatu.

Ndugu zetu wauzaji wa vipuri nao wana la kujifunza. Mteja anayerudi na gari lililokufa hanunui tena kwako, na Katoro si mji mkubwa kiasi cha kuficha jina la duka. Anayeweka maikromita juu ya kaunta yake na kumpimia mteja mbele ya macho yake anauza kitu ambacho jirani yake hana.

Wiki ijayo tutarejea kwenye bei za mazao.