KIFUA KIKUU: ISHARA INAYOAMSHA KINGA YA MWILI

Mkazi wa Ilongero anaweza kuishi na vimelea vya kifua kikuu kwa miaka mingi pasipo kuugua. Seli za kinga huwameza vimelea hao, lakini kumeza pekee hakutoshi, kwani kimelea huweza kuendelea kuishi ndani ya seli iliyommeza. Ndipo seli nyingine hutoa protini iitwayo intaferoni gama. Protini hiyo hushika kipokezi kilicho juu ya seli iliyomeza, mithili ya ufunguo na kufuli yake, na seli hupata nguvu ya kuua. Virusi vya UKIMWI hupunguza seli zinazotoa ishara hiyo. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa kifua kikuu hupimwa VVU pia. Anayekohoa wiki mbili au zaidi afike kituo cha afya kupimwa makohozi. Matibabu hayalipiwi.